Mzazi ana fizi laini na anataka meno ya bandia seti nzima: kipimo cha dirisha, operesheni, implanti au ya siku moja? Ulinganisho kwa watu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Wanaouliza sana hili swali siyo wazee wenyewe, ni watoto wao. Mtu yupo Dar, mama yake yupo Rujewa au Tukuyu, anapiga simu anasema dokta mmoja kashauri mama akatwe fizi, mwingine kasema awekewe implanti, zile skrubu za kwenye mfupa za kushika meno, na kuna fundi karibu na stendi kasema hayo yote ya nini, mlete asubuhi jioni anaondoka na meno yake, sasa nishike lipi. Mi nipo upande wa maabara, kazi yangu ni kutengeneza hayo meno, sing'oi wala sichomi sindano, kwa hiyo ntaongea kama mtu anayepokea moldi, ile nakala ya mdomo ya plasta ya unga, na anayeona zipi zinarudi na malalamiko na zipi hazirudi. Na msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa: kwa mzee mwenye fizi laini taya la juu, hela ya kwanza iende kwenye kipimo kizuri, yaani ile alama ya fizi inayochukuliwa mdomoni ili meno yatengenezwe kwa sura yake, hizo hela za implanti na operesheni zinaweza zikasubiri, na wengi ukishafanya kipimo vizuri wala hawazihitaji.

Kwanza hakikisha kama kweli ni fizi laini. Nawa mikono, mama avue dencha, yaani meno yake ya bandia, shika fizi ya mbele juu kwa vidole viwili uisukume taratibu mbele na nyuma. Penye mfupa utasikia ugumu, haiendi popote. Kama inacheza kama ncha ya sikio basi chini yake mfupa umeshaliwa na kilichobaki ni nyama ya nyuzinyuzi tu. Mara nyingi inakuwa hapo hapo mbele juu, na sababu yake inajulikana: mtu kavaa seti nzima juu halafu chini kabakiwa na meno yake ya mbele, maana meno ya mbele ya chini ndo huwa ya mwisho kung'oka, basi anatafunia mbele, yale meno yanaigonga dencha ya juu sehemu moja miaka na miaka, mfupa unaisha nyama inachukua nafasi. Daktari mmoja wa Marekani, Kelly, aliieleza hii hali mwaka 1972 na mpaka leo inafundishwa vyuoni vilevile. Kwa hiyo kama mama yako ana yale meno ya chini mbele na dencha ya juu aliyoizoea miaka kumi na kitu, usishangae.

Usichanganye na ile mikunjo ya nyama inayoota pembeni, kati ya fizi na shavu au mdomo, pale ukingo wa dencha ya zamani unapochimba. Hiyo ni kitu kingine, ukingo ukipunguzwa na mtu akapumzika kuvaa inanywea, ikigoma ndo inakatwa. Na kidonda chochote mdomoni ambacho wiki mbili tatu zimepita hakijapona kipeleke kwa dokta wa meno hospitali, achana kwanza na habari za meno mapya.

Sasa tuje kwenye ulinganisho wenyewe.

Kipimo cha kawaida na kipimo cha dirisha

Kipimo cha kawaida wengi mnakijua, trei inajazwa aljineti ile ya kukorogwa na maji au kompaundi ya kulainishwa kwenye maji ya moto, inasukumwa mdomoni, inashikwa mpaka igande. Kwa mtu mwenye fizi ngumu inatoka fresh kabisa. Kwa fizi laini, ile nzito ikipanda inailaza nyama upande mmoja, na kipimo kinaichukua ikiwa imelala hivo hivo, moldi inamwagwa hivo, dencha inapikwa kwa sura hiyo ya nyama iliyolala. Mama anavaa. Nyama yenyewe haijui habari za moldi, inataka kusimama kama ilivyozoea, inaisukuma dencha chini. Ndo unasikia mtu anakwambia akiwa anakula inakaa kidogo ila akitulia au akisalimia mtu inadondoka, na watu wanadhani ni kubwa, fundi anapunguza pembeni, inazidi kulegea.

Ila niwe mkweli, wapo madokta wazoefu wanaotetea kukandamiza. Wanasema wakati wa kutafuna nyama itakandamizwa tu, kwa hiyo bora dencha ifuate sura ya wakati wa kutafuna. Ni hoja ya kweli na wataalamu mpaka leo hawajamaliza huo ubishi. Mi naangalia hivi, mzee anatafuna muda gani kwa siku? Chai, mchana, jioni, basi. Masaa mengine yote anaongea, anacheka, yuko kanisani anaimba, yuko msibani anapokea watu. Dencha inayokaa vizuri kwenye kula tu na kudondoka kwenye salamu haivaliwi, inaishia kwenye kikombe kabatini.

Kipimo cha dirisha kinatafuta katikati. Siyo kitu kipya, Waingereza walishakiandika mwaka 1970, na kizuri zaidi hakihitaji mashine yoyote. Kinaenda hivi. Kinachukuliwa kwanza kipimo chepesi cha aljineti laini, maabara tunamwaga moldi, dokta anachora kwa penseli pale panapocheza, tunatengeneza trei maalum ya huyo mtu mwenyewe kwa akriliki, ile plastiki ngumu. Mpini wa trei hatuuweki mbele kama kawaida, tunauweka katikati ya kaakaa, kwa sababu mbele patatakiwa pawe wazi. Dokta anazungushia kompaundi ya kijani kwenye kingo huku mama anavuta mashavu, anachezesha mdomo, anasema aaa, halafu anachukua kipimo cha kawaida kwa pesti au silikoni kwenye sehemu zote ngumu. Ikishaganda anakitoa, anakata ile sehemu ya trei inayokaa juu ya fizi laini, linabaki tundu, ndo hilo dirisha. Anarudisha trei mdomoni, ile nyama unaiona kabisa imesimama yenyewe pale dirishani haijaguswa na kitu, sasa anaipaka plasta nyepesi kwa brashi au silikoni ya majimaji kwa bomba, pole pole, haibonyezi. Ikiganda vyote vinatoka kwa pamoja. Hapo umepata kitu kimoja ambacho sehemu ngumu zimebanwa kidogo ili zibebe mzigo na sehemu laini imechukuliwa ilivyo.

Ubaya wake? Muda. Ni mahudhurio zaidi, siyo kila dokta anayeipenda kwa sababu kiti kinakaliwa muda mrefu na nje kuna foleni ya kung'oa, na ikifanywa na mtu mwenye haraka dirisha linakatwa dogo kuliko nyama na faida yote inapotea. Kuna njia ya kati pia, trei ile ile maalum lakini badala ya dirisha inatobolewa matundu mengi pale penye nyama laini na kuachiwa nafasi kubwa kwa nta, halafu inatumika silikoni nyepesi, mgandamizo unatoka nje kupitia matundu. Siyo safi kama dirisha ila ni mbali sana na trei ya dukani iliyojazwa uji mzito. Ukiambiwa dirisha hatufanyi, uliza hiyo.

Kabla ya kipimo chochote kati ya hivi, dencha ya zamani ikae nje angalau masaa 24, ikiwezekana siku mbili tatu, ili nyama irudi kwenye sura yake. Hili wazee wanalichukia kuliko kung'oa jino. Bibi hawezi kutoka nyumbani bila meno, na kama ana kikao cha vikoba ndo kabisa. Ila ukipima fizi iliyotoka kubanwa na dencha asubuhi hiyo hiyo umepima alama ya dencha ya zamani, hujapima mdomo. Fizi ikiwa nyekundu imevimba dokta anaweza kuweka dawa laini ndani ya dencha ya zamani na kuibadilisha kila baada ya siku chache mpaka itulie, ndo kipimo kichukuliwe.

Kuna ishu ya huku kwetu ambayo vitabu haviisemi. Vipimo vinasafiri. Kliniki ipo Makambako au Mafinga au Vwawa, maabara ipo Mbeya, kipimo kinafungwa kwenye mfuko kinapewa kondakta. Aljineti haivumilii hiyo safari, inakauka inasinyaa, inatakiwa imwagwe plasta ndani ya nusu saa hivi, iwe imefunikwa na kitambaa kibichi. Kikifika kwangu jioni kimekaa juu ya dashibodi na jua la Igawa lote limekipiga, hata angekuwa dokta bora Tanzania nzima, hiyo dencha haitakaa. Kwa hiyo kama unatibiwa mbali na maabara uliza tu, dokta, plasta mnamwaga hapa hapa au kinaenda kibichi? Wakimwaga pale pale, sawa. Wakitumia silikoni nzuri, sawa pia, ile inavumilia siku kadhaa. Ni swali dogo na halimkosei heshima mtu.

Ya siku moja na ya mahudhurio matano

Naelewa mtu katoka Chunya au Makete, nauli, kulala mjini, na baridi ya Juni hii. Ya siku moja inavutia. Ila angalia kinachoondolewa ili iwe siku moja: kipimo ni kimoja badala ya viwili, kujaribu meno kwenye nta hakuna, na akriliki mara nyingi ni ile inayoganda yenyewe bila kupikwa, ambayo ni dhaifu zaidi na inabaki na monoma nyingi, ile yenye harufu kali, inawasha fizi. Kwa mtu mwenye fizi ngumu inaweza ikambeba miezi. Kwa fizi laini ni kutupa hela, tena nasema bila kuuma maneno.

Kwenye kupika nako kuna jambo la nyanda za juu. Utaratibu mmoja unaotumika sana ni masaa mawili kwenye nyuzi 74 halafu saa moja kwenye nyuzi 100. Sasa Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Njombe chini ya hapo, kwa hiyo kwenye sufuria la wazi hiyo 100 huipati hata uongeze kuni za mkoa mzima. Mi dawa yangu ni kuongeza muda wa mwisho na kuiacha ipoe humo humo kwenye maji, nikimaliza nailoweka siku nzima kabla haijaenda kwa mtu. Fundi anayekwambia kapika dakika ishirini, muulize mara mbili.

Hudhurio la kujaribu kwenye nta ndo la thamani kuliko yote kwa mgonjwa wa aina hii, kwa sababu hapo tunaangalia meno yanagongana vipi. Kama chini bado kuna meno yake ya mbele, meno ya mbele ya juu yasiguse akifunga mdomo kawaida, mzigo urudi nyuma. Ukiweka yagusane mbele kwa ajili ya urembo, dencha inabonyea mbele inainuka nyuma, hewa inaingia, imeanguka, hata kipimo kingekuwa cha dirisha la dhahabu. Na mama atataka meno marefu yaonekane, mwambie tu taratibu.

Kitu kingine wanachoomba sana ni kukatwa kaakaa, eti inaleta kichefuchefu. Msikubali kirahisi. Fizi ikiwa laini, kaakaa ndo linabeba mzigo, na ule mstari wa nyuma kabisa, pale kaakaa gumu linapokutana na laini, ndo unaofunga hewa. Ukikata pale umetoboa ndoo.

Bitana laini

Hii ni ile dencha iliyowekewa tabaka la mpira kwa ndani. Watu wanadhani fizi laini basi dawa ni dencha laini, na kwa taya la juu ni kinyume, laini juu ya laini inazidi kuyumba. Inamfaa mtu wa taya la chini ambaye fizi imebaki nyembamba, mfupa umechongoka unauma ukigusa. Hapo inasaidia kweli. Ila ya akriliki inakuwa ngumu baada ya miezi, ya silikoni inaenda mwaka au zaidi, zote zinapenda kuota fangasi usipozisafisha, na zinahitaji unene wa kama milimita mbili kwa hiyo akriliki yenyewe inapunguzwa na inavunjika kirahisi. Aliye karibu na kliniki aweke. Aliye Ludewa ndani huko afikirie nani atambadilishia.

Operesheni na implanti

Kukata nyama laini kunasikika kama suluhisho la moja kwa moja, toa kinachocheza yaishe. Shida ni kwamba ukiitoa chini yake hakuna mfupa wa kutosha, unabaki na sehemu bapa, dencha haina pa kushika pembeni, inateleza. Ile nyama pamoja na ulaini wake ilikuwa inaziba nafasi na kupunguza mgongano. Ndo maana siku hizi madokta wengi hawakimbilii kukata, wanaacha kwa kesi ambazo nyama ni nyingi mno au inaning'inia hata trei haiingii. Ongeza na umri, sukari, presha, dawa za kuyeyusha damu. Kama dokta amependekeza kukata, siyo kwamba amekosea, muulize tu kama alijaribu kwanza kipimo kisichobana na itabaki fizi ya urefu gani akishakata.

Implanti ni habari nyingine. Ni skrubu za titani zinazowekwa kwenye mfupa, dencha inabanwa juu yake kama vifungo. Kwa taya la chini sina ubishi nazo kabisa, wataalamu walikutana Montreal, Kanada, mwaka 2002 wakakubaliana kwamba mtu asiye na meno chini, dencha iliyoshikwa na implanti mbili ndo ingekuwa chaguo la kwanza. Mbili tu, na mtu anatafuna kande. Kwa taya la juu hesabu inabadilika, kwa kawaida zinahitajika nne au zaidi kwa sababu mfupa wa juu ni mlaini, na mwenye fizi laini mbele mfupa hapo ndo haupo, kwa hiyo inaweza ikahitajika kupandikiza mfupa kwanza. Gharama inapanda mara nyingi kuliko dencha ya kawaida, kusubiri kupona ni miezi mitatu mpaka sita, sukari isiyodhibitiwa na sigara vinaziangusha. Na kuna kitu watu hawaulizi, vile vipira vya ndani vinavyoshika vinachakaa, vinabadilishwa, vya kampuni moja haviingii kwenye ya kampuni nyingine. Kama uliwekewa Dar au India, omba jina na saizi ya implanti uandikiwe kwenye karatasi, la sivyo siku kikichakaa ukiwa Iringa hakuna atakayejua pa kuanzia.

Gundi

Gundi ya meno siyo dhambi. Kiasi kidogo kwenye dencha inayokaa vizuri inampa mzee amani akiwa anakula ugenini. Ila ikiwa kila mwezi anaongeza, dencha ndo mgonjwa. Na angalia pakiti, chagua isiyo na zinki, kuna watu walitumia za zinki kwa wingi muda mrefu madini ya shaba yakashuka mwilini wakapata ganzi miguuni.

Nani achague nini

Fizi laini juu, fizi ngumu chini au ana meno yake ya chini: dirisha, akriliki ya kupikwa, meno ya mbele yasigusane, kaakaa lote. Usiende mbali zaidi ya hapo kabla hujajaribu. Kama tatizo kubwa ni chini na hela ipo, implanti mbili chini na dencha ya kawaida juu, hata kama moyo unataka kuanzia juu kwa sababu ndo panaonekana. Fizi nyembamba chini inayouma na hela haipo, bitana laini, ukijua utarudi. Mzee wa miaka themanini na kitu anayeumwa umwa na dencha yake ya zamani ameizoea, mi nisingemsumbua na seti mpya, ningeomba dokta atumie dencha hiyo hiyo kama trei, ichukuliwe kipimo chepesi ndani yake, maabara tunaijaza upya kwa ndani. Inachukua siku chache na mdomo wake hauanzi kujifunza upya.

Pa kuanzia, idara za meno za hospitali za rufaa, ya kanda hapa Mbeya na ile ya mkoa kule Iringa, zinaweza kukuangalia na kukwambia kama wanachukua kipimo cha aina hiyo au wanakuelekeza wapi. Kliniki binafsi nazo zipo, bei zinatofautiana sana, uliza bei ikiwa na marekebisho ndani yake, maana wiki za kwanza lazima atarudi kusagwa sehemu inayochubua, na ukishalipa kila kurudi inakuwa ghali. Wiki hiyo ya kwanza aanze na wali, parachichi, ndizi za Rungwe zilizopikwa zikalainika, atafunie pande zote mbili kwa pamoja. Mahindi ya kuchoma ya pale Uyole yasubiri, na kwa mwenye fizi laini mbele kuyang'ata na meno ya mbele aache moja kwa moja, ayapukuchue.

Usiku avue aweke kwenye maji ya kawaida, siyo ya moto, ya moto yanapinda akriliki. Na siku ya kwanza mnakwenda kwa dokta mbebe dencha zote za zamani hata zilizovunjika, hata ile iliyoungwa na supagluu. Meno yalivyolika, upande uliochakaa, pale palipokatwa kwa kisu cha jikoni, vyote hivyo vinatuambia mama anatafuna vipi, na kuna vitu yeye mwenyewe hatasema.